Chungu cha Chokaa Mlangoni mwa Garaje

Ninyi vijana mnaoshika koleo na tesita ya kupimia umeme kwenye garaje za mtaa wa Panda, mimi Kazadi nawaandikia nikiwa bado na jicho moja, na hilo lenyewe linaniaga pole pole. Naandika herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Msinicheke. Shule yangu iliishia mwaka wa nne wa msingi. Kilichobaki nilifundishwa na batri. Watu wa umri wangu bado wako kazini, wanaamka, wanakimbilia taksi-basi. Mimi wananiita mtu wa pansheni na wananipisha kiti kama mzee. Mvi sina nyingi. Nina majina, na nitayasema, kwa sababu kila mara habari yangu ikisimuliwa hapa Likasi, inasimuliwa bila jina la mtu yeyote, isipokuwa jina la Mungu.

Siku yangu ya kwanza sikupewa chombo chochote. Fundi mkuu wa batri na waya alikuwa Papa Musonda, mtu mfupi, mikono imejaa mabaka meupe ya kuungua, sauti ya kuimba kanisani. Alinishika bega, akanipeleka mlangoni, akanionyesha chungu cha udongo kilichojaa chokaa nyeupe ya machimbo ya Kakontwe, ile iliyochomwa kwenye tanuru. Akachovya kijiti ndani ya batri iliyokuwa wazi, akadondosha tone moja la asidi juu ya chokaa. Ikalia: shiiii. Kamoshi kakapanda. Mimi nikaruka nyuma kama mbuzi aliyekanyaga moto, na garaje nzima ikacheka.

"Unaona, mwana?" akasema Papa Musonda. "Hii njo rafiki yako. Asidi iko nyoka, chokaa njo dawa yake. Ikimwangika chini, chokaa. Ikikugusa nguo, chokaa. Mikono mbele ya kulya, chokaa."

"Na maji, Papa?"

"Maji ni ya kunywa."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimepata kazi, nilikuwa nimepata rafiki ndani ya chungu, nilitaka nini tena?

Mtu wa mji mwingine atashangaa. Sisi hapa tumezaliwa karibu na viwanda vinavyopika shaba kwa asidi. Asidi kwetu ni jirani. Iko kwenye madumu nyuma ya nyumba, iko kwenye harufu ya asubuhi upepo ukigeuka. Batri ikilegea, mwenye kuiuza anamwaga ndani asidi ya kiwandani badala ya maji safi ya batri, anakwambia "nimeiongezea nguvu", na kweli inawaka siku mbili tatu kama mgonjwa aliyepewa kahawa. Halafu inakufa. Mtu hamwogopi jirani yake. Hapo ndipo ujinga wetu wote unapoanzia.

Wiki ile ya kwanza suruali yangu ilitoboka kama chujio. Mama yangu aliishika juu, akaona jua ndani yake.

"Kazadi, hii suruali ilikulwa na panya ao?"

"Ni batri, Mama."

"Basi uambie ile batri ikuoe, ikushonee."

Papa Musonda alinifundisha vizuri. Hilo nalisema kwa haki, ingawa haki yenyewe inaniuma. Alinifundisha kuanza kufungua waya mweusi, ule wa alama ya kutoa, na kuurudisha mwisho. Alinifundisha kufunga mkono wa koleo kwa mpira wa baiskeli. Alinifundisha kusikiliza: batri nzima ikijazwa inaimba kama mvua ya mbali, batri mgonjwa inachemka kama maharagi. Alinipa kile kioo cha kupimia asidi chenye kidude kinachoelea ndani, akaniambia nisikiazime hata kwa ndugu wa damu. Nilikitunza ndani ya soksi. Kipo hata leo, mimi ndiye sioni tena kidude kinaelea wapi.

Kazi ngumu tulizipata. Mchungaji mmoja alikuwa na basi dogo ambalo batri yake ilikufa kila usiku. Waumini walifunga, wakakemea pepo wa batri, wakapaka bonneti mafuta ya maombi. Tulipofungua viti, Papa Musonda alivuta waya mmoja, akatoa kipaza sauti kilichokuwa kinakunywa umeme gizani kama mlevi. Akamwambia mchungaji kwa heshima kubwa, "Papa, pepo wenu huyu hapa. Anaitwa wati hamsini." Yeye mwenyewe ni mtu wa maombi, lakini kwenye waya alikuwa haombi, alipima.

Basi, karavani.

Ililetwa kutoka kusini kwa barabara, nyumba ya magurudumu ya zile ambazo Wazungu wanalala ndani wakitembea: kitanda, sinki, jiko dogo, friji. Watu wa msaada waliifanya kuwa dispanseri. Nesi wake aliitwa Mama Odile, mwanamke mnene, mwenye ulimi wa wembe na mikono ya pamba. Alikuwa anavutwa nayo hadi Kakontwe, kwa wanawake wanaoponda mawe kwenye machimbo, kuwapimia watoto na kuwachanja. Analala huko huko siku kadhaa. Chanjo zinakaa ndani ya friji. Kitanda chake ndicho kifuniko cha sanduku la batri. Shikeni hilo: yule mama alikuwa analala juu ya batri.

Ndani ya nyumba kama ile, pembeni ya batri, kuna kisanduku ambacho ndicho moyo. Kinapokea umeme mkali wa jenereta, kinaushusha uwe laini wa kuwasha taa, pampu ya maji na friji, na wakati huo huo kinajaza batri. Wengine wanakiita konvertisa, wengine shaja. Kile cha Mama Odile kilikuwa kimeungua. Taa zilikuwa zinavimba na kusinyaa, feni yake ilikuwa inakwaruza, batri zikichemka hadi harufu ya mayai viza inaingia ndani ya mto wake.

"Kazadi," aliniambia, "nikilala nasikia kama kuna muntu chini ya kitanda eko nanichemushia chai. Nitakufwa hapa ndani, na watasema nesi alikufwa na gaz yake mwenyewe."

"Hautakufwa, Mama. Nitaitoa yote."

Nilimwahidi hivyo. Nilijua sanduku lile likijaa gesi ya batri, cheche moja inatosha.

Nikafanya kazi kama inavyotakiwa, na nawaeleza muijue. Nilizima jenereta na kuchomoa waya wake mkubwa. Nikatoa waya mweusi kwenye batri, nikaufunga kitambaa. Nikafungua bamba lenye matundu linalofunika kisanduku. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja nilifunga kila waya uzi wa rangi yake, kwa sababu waya zikishatoka zote zinafanana na uongo. Nikakuta fizibo mbili, yaani fyuzi, zimeungua, zile zinazokufa mtu akigeuza ncha za batri. Mtu alikuwa amezigeuza, halafu akafunga fizibo kwa karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara.

Jina la kwanza: Kapend, dereva wa karavani. Ndiye aliyegeuza ncha. Ndiye pia aliyemimina asidi ya kiwandani ndani ya zile batri, "ziongeze nguvu". Na lile tundu la hewa, bomba dogo linalotoa gesi ya batri nje, alilikuta linaingiza vumbi jeupe la barabara ya Kakontwe, akalizibia kitambaa. Nilikitoa. Nikamwonyesha.

"Kapend, hii ni pua ya nyumba. Ukiziba, gaz itaenda wapi?"

"Na vumbi, mukubwa? Mama Odile analalamika, batoto beko nakohoa."

"Weka wavu. Hapana kitambaa."

"Sawa, bwana. Wavu."

Nikamwambia patro, bosi wetu, tunahitaji konvertisa ya aina ile ile, ya kujipunguza yenyewe batri ikishiba, na batri mpya. Jina la pili: Ngoy, mwenye garaje. Ngoy hakuwa mtu mbaya wa kupiga watu. Alikuwa mbaya wa kuona kila kitu ni sawasawa. Alirudi sokoni na sanduku la chuma zito, shaja ya kuamshia malori, yenye pensi mbili za kubania batri, kama meno ya mamba.

"Patro, hii hapana ile."

"Inajaza batri ao haijaze?"

"Inajaza. Lakini haijue kushiba."

"Weye utakuwa pale, utaizima. Taa ufungie kwa batri moja kwa moja. Kazadi, kintu ni kintu."

"Na Mama Odile akilala juu yake?"

"Mama Odile eko na macho, ataizima."

Nilikataa kuifunga ndani. Nilisema nitaitumia nje tu, mchana, nimesimama kando yake, vifuniko vya batri wazi, hadi konvertisa yenyewe ipatikane. Ngoy akasema sawa, kama mtu anayesema sawa kwa mvua. Jumamosi jioni niliacha shaja imezimwa, pensi zimetolewa, tundu la hewa wazi. Nikaenda kuoga, Jumapili nikaenda misani.

Jumapili hiyo hiyo Ngoy alimpigia Kapend simu: kesho karavani iende Kakontwe, friji iwe baridi. Kapend akaingiza shaja ndani, akabana pensi, akafunga kitanda. Vumbi lilikuwa linapita. Akarudisha kitambaa chake kwenye tundu. Ikajaza mchana kutwa na usiku kucha.

Asubuhi nilipofika, jenereta ilikuwa inanguruma. Mama Odile alikuwa tayari ndani anapanga sindano. Nilisikia kabla ya kuona: maharagi. Yanachemka chini ya kitanda.

"Mama, toka nje! Acha bintu, toka!"

"Juu ya nini tena?"

"Toka, nakuomba!"

Alitoka, ananung'unika. Nikafungua milango yote miwili na madirisha. Nikainua kitanda. Joto likanipiga usoni, batri zimevimba matumbo. Nikamwambia Kapend, kwa sauti ambayo Panda yote ilisikia, "Zima jenereta kwanza! Usiguse pensi! Jenereta kwanza!" Nikainama kuvuta kile kitambaa kwenye tundu.

Kapend alitaka kusaidia. Wanaoua watu katika mji huu, wengi wao walitaka kusaidia. Jenereta ilikuwa mbali, pensi ilikuwa karibu. Akaivuta.

Cheche sikuiona. Nilisikia mlio kama mlango wa chuma uliogongwa na lori, halafu uso wangu ukawa baridi. Ndiyo, baridi. Asidi inaanza na baridi. Nikaanguka nje kwa mgongo. Nikamsikia Mama Odile: "Maji! Mulete maji! Dumu iko chini ya sinki!" Nikasikia mbio zake nzito.

Lakini mbio nyingine zilikuwa nyepesi kuliko zake. Zilitoka mlangoni mwa garaje, pale penye chungu.

"Fungua macho, mwana! Fungua!"

Nilifungua. Ilikuwa sauti ya Papa Musonda, na tangu siku yangu ya kwanza sauti hiyo ikisema fungua, nafungua. Akamimina. Akasugua kwa kidole gumba, taratibu, ndani ya kope, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Nikasikia ile shiiii, mara hii ndani ya kichwa changu.

"Papa, unafanya nini!" Mama Odile alipiga kelele.

"Nauwa asidi, mama! Nauwa asidi!"

Ilibidi Mama Odile amsukume kwa bega lake lote ndipo maji yafike. Na yalipofika, chokaa ilikuwa imeshakuwa uji.

Daktari wa macho aliniambia siku ile ile, mimi nimefungwa bandeji. Asidi iliyonipata ilikuwa kidogo, ya kurukiwa tu. Maji mengi, ya muda mrefu, na macho yote mawili yangepona. Lakini chokaa iliyochomwa haiui asidi na kuondoka. Inakaa chini ya kope, na inaendelea kula. Jicho la kushoto lilikwisha. La kulia lina ukungu, na ukungu unakua.

Hilo ndilo jina la tatu. Musonda. Baba yangu wa kazi.

Kapend aliungua vidole, akapona, sasa anaendesha lori la madini, namsikia akipiga honi akipita. Ngoy alikuja hospitali na machungwa. Akaniambia, "Kazadi, weye uko fundi muzuri, lakini uliinama sana." Nikampa mkono, kwa sababu sikuona usoni pake. Karavani iko nyuma ya garaje hadi leo, kuku wanataga kwenye sinki. Mama Odile yuko hai. Kati ya yote niliyoahidi, hilo pekee lilitimia. Anaenda Kakontwe kwa taksi-basi na kisanduku cha barafu magotini, na barafu inayeyuka, na anarudi na chanjo za kutupa. Wanawake wa mawe wanamwuliza, nyumba yako iko wapi? Anawaambia inafuga kuku.

Na Papa Musonda? Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kunitembelea na karanga za kukaanga ndani ya mfuko. Kanisani kwao alitoa ushuhuda. Nilisimuliwa na zaidi ya mmoja: alisimama mbele, akainua mkono, akasema siku ile Mungu alimpa mbio za kijana, akamfikia mwanawe na chokaa kabla ya asidi kumaliza jicho la pili. Watu wakapiga makofi, wakaimba. Kwenye garaje wakakipaka kile chungu rangi, wakakiinua juu ya tofali, asikose mtu kukiona. Kila fundi mpya anaonyeshwa: hiki kiliokoa jicho la Kazadi.

Nilikwenda kwa Ngoy, nikishika ukuta. Nikamwomba pale mlangoni aweke pipa la maji na sabuni, chungu kiende.

"Kazadi, kile ni chungu cha Papa. Kilikuokoa."

"Patro, kilinipofusha. Daktari alisema."

"Daktari hakuwa pale," akasema Ngoy. "Papa alikuwa pale."

Nikaelewa kwamba chungu hakiwezi kuondoka hadi mwenyewe akiseme vibaya. Basi Jumapili iliyofuata, karanga zikiwa kati yetu, nilimwambia.

"Papa, hii jicho haikukufwa na asidi. Ilikufwa na chokaa."

Aliendelea kumenya karanga. Nilisikia maganda yakianguka, halafu sikuyasikia tena.

"Nani alisema vile?"

"Daktari."

"Leo?"

"Ile siku, Papa. Ile siku yenyewe."

"Na weye unakulya karanga yangu kila juma, unanyamaza?"

"Nilikuwa nangojea uulize."

Kwa ukungu wangu niliona umbo lake limeinama, ameweka mkono mmoja juu ya goti, anautazama. Nadhani alikuwa anatazama kidole gumba.

"Miye pia kuna muntu alinifundisha," alisema. "Alinidondoshea asidi ndani ya chungu, ikalia, akanionesha. Ile chungu njo yake."

"Najua, Papa. Uwaambie ku garaje. Watakusikia weye."

"Niwaambie nini? Kama miye nilitoboa jicho ya mwanangu?"

Hilo ndilo nililotaka aseme, neno kwa neno, mlangoni mwa garaje, mbele ya watu. Alisimama, akaacha mfuko wa karanga juu ya kiti, akaenda. Hajarudi. Nasikia amekuwa mtu wa kukaa ndani, ushuhuda hatoi tena. Wengine ndio wanautoa kwa niaba yake, na wao wanausema vizuri zaidi.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi. Asidi ikikuruka machoni, ni maji. Maji, maji, mtu akushike kichwa na kope, amimine hadi uchoke kulia na aendelee kumimina. Usimfungulie macho mtu mwenye chokaa, hata kama ni baba yako, na hasa kama ni baba yako, maana huyo ndiye utakayemtii. Na shaja isiyojua kushiba msiifungie ndani ya nyumba anamolala mtu.

Karatasi ya kwanza kama hii niliwapa watu wawili wa pale wawasomee wengine. Sijui kama wameisoma. Juzi nilipita nje ya garaje, napapasa ukuta na fimbo, nikasikia wanacheka. Kulikuwa na fundi mpya, siku yake ya kwanza, sauti yake bado ina aibu. Mmoja akamwambia, "Kuya hapa karibu, usiogope." Halafu: shiiii.

"Unaona, mwana?" wakamwambia. "Hii njo rafiki yako."